Sura Isiyo na Mwanya

Leo nataka tuzungumze habari za picha, na najua ni kichekesho: mimi niko mbele ya maikrofoni, wewe una redio jikoni au sikioni, na kati yetu hakuna cha kutazama. Huenda ni afadhali hivyo. Picha ikiwa mbele ya macho hainyamazi, inataka kusema yenyewe. Leo itunyamazie kidogo.

Twende Kikuubo. Kwa asiyeifahamu Kampala, Kikuubo ni uchochoro wa maduka ya jumla huku chini mwa jiji, jirani na vituo vya teksi na mabasi, si mbali na mfereji wa Nakivubo. Ni pembamba kuliko sifa zake. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, biskuti, nepi za watoto, vipodozi: vingi hupita hapo kabla ya kufika dukani kwako Mbarara, Gulu au Arua. Wala haviishii mpakani. Mnunuzi wa Juba yupo, wa Bunia yupo, wa Goma yupo, na bei mara nyingi hufungwa kwa Kiswahili, Kiswahili cha sokoni kilichoshikana mikono na Kiganda, kisicho na aibu hata kidogo. Wapagazi wanapita na katoni kichwani wakikupigia kelele upishe. Ukizubaa unapigwa kikumbo na dazeni kadhaa za sabuni, na mwenye kosa ni wewe.

Sasa simama mbele ya maduka ya vipodozi. Usiulize bei. Tazama nyuso. Kila kopo la krimu lina mwanamke, kila pakiti ya nywele ina mwanamke, na juu ya mlango kuna bango lenye mwanamke mkubwa kuliko mlango wenyewe. Zamani wanawake hao walikuwa watu. Pengine hukuwajua, pengine walipigwa picha Lagos, Dubai au Marekani, pengine picha iliibwa tu mahali na mwenyewe hana habari mpaka leo. Lakini mahali fulani palikuwa na mtu aliyekaa kwenye kiti, taa ikamwakia usoni, akaambiwa tabasamu. Leo baadhi ya nyuso hizo hazikuwahi kuzaliwa. Kijana mwenye kompyuta ameandika maneno machache, mashine ikampa mwanamke.

Tena kijana huyo simlaumu. Mwendo wa boda usio mrefu kutoka hapo iko Barabara ya Nasser, mtaa wa wachapaji, ambako Kampala hupata kadi zake za harusi, vitabu vya risiti, lebo na mabango. Mtaa huo una ustadi wake wa siku nyingi. Mwaka 2023 mtafiti wa Kibelgiji, Kristof Titeca, alitoa kitabu kizima juu ya mabango yake ya kisiasa, yale yenye akina Gaddafi, Saddam Hussein na Osama bin Laden, yamejaa silaha na rangi kali. Zilikuwa picha za kukata na kubandika, na hakuna aliyedanganyika, kwa sababu alama ya mkasi ilionekana. Ulinunua bango ukijua umenunua hadithi. Mashine ya leo haiachi alama ya mkasi. Uso una vinyweleo, una jasho kidogo juu ya mdomo, una mwanga wa dirisha ndani ya jicho. Mteja anayeutazama hana sababu ya kufikiri kwamba hakuna mtu pale.

Mashine hiyo, yaani akili mnemba, iliupata wapi uzuri? Haikuuota. Chukua programu ya Stable Diffusion, iliyotolewa kwa umma mwezi Agosti 2022. Ilifundishwa kwa sehemu za mkusanyiko uitwao LAION-5B, wenye jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo yake, zote zikiwa zimezolewa kwenye intaneti. Sasa jiulize: huko kwenye intaneti, ni picha ya namna gani inayowekewa maelezo kwamba huyu ni mrembo? Si ya shangazi yako akitoka shamba, ingawa ni mrembo. Ni ya tangazo la krimu. Ni ya mcheza filamu, ya jarida, ya mwuza nguo. Mashine ilisomea dukani, msikilizaji, na sasa imerudi dukani kutufundisha sisi.

Na ina namna yake ya kusoma. Mwaka 1878 Mwingereza Francis Galton alieleza jinsi alivyopandanisha picha za wahalifu, moja juu ya nyingine juu ya nyingine, akitumaini kwamba mwishoni ataiona sura halisi ya uhalifu. Ikatoka sura nzuri kuliko za wahalifu wenyewe! Makovu, pua zilizopinda, jicho moja dogo kuliko jingine, vyote vilipotelea humo. Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili, Judith Langlois na Lori Roggman, walifanya jambo la aina hiyo kwa kompyuta, na watu walioonyeshwa picha wakazipenda nyuso za mchanganyiko kuliko nyingi za watu halisi. Mashine za leo hazipandanishi picha kwa njia hiyo, lakini mwelekeo wao ni huo huo: kinachojirudia hubaki, kilicho cha mtu mmoja huyeyuka.

Ingekuwa wastani wa binadamu wote ningenyamaza. Lakini ni wastani wa nani? Mwaka 2016 kulikuwa na shindano la urembo lililoitwa Beauty.AI, majaji wake wakiwa programu za kompyuta. Watu wapatao 6,000 kutoka nchi zaidi ya 100 walipeleka picha zao. Wakachaguliwa washindi 44. Karibu wote walikuwa wazungu, wachache wa Asia, na mwenye ngozi nyeusi alikuwa mmoja. Mwaka uliofuata programu ya simu iitwayo FaceApp ilileta kitufe cha kukufanya uvutie. Watu weusi wakakibonyeza, wakajiona wamekuwa weupe. Mkuu wa kampuni aliomba radhi, akaeleza kwamba tatizo lilitokana na picha zilizotumika kuifundisha programu. Naam. Kwa watu wa Kikuubo haikuwa habari mpya: kuvutia na kuwa mweupe vilishakaa kwenye kopo moja kabla kompyuta haijafika.

Ila weupe si jambo ninalotaka kulikazia leo. Weupe tumeusema sana, na kwa haki. Yapo mengine madogo yanayopita bila kusemwa.

Mwanya, kwa mfano. Ule uwazi kati ya meno mawili ya mbele. Nani katika Afrika Mashariki hajaimbiwa mwanya? Kuanzia Lamu hadi Masaka, binti akicheka mwanya ukaonekana, waliokaa barazani wanaanza kujirekebisha mashati. Katika jamii mbalimbali za Afrika wapo hata waliochonga meno ili waupate. Sasa nenda kaiombe mashine ikutengenezee mwanamke mzuri wa Kiafrika anayecheka. Meno yatatoka yamepangwa mstari kama vigae vya bafuni. Ukiutaka mwanya lazima uuagize kwa jina, na mara nyingine utaletewa pengo la mtu aliyepigwa ngumi. Na zile programu za kusafisha picha kwenye simu, nyingine zitautibu mwanya wa kweli wa mtu wa kweli bila kumwuliza.

Au shingo. Sisi shingo yenye pingili, ile mistari miwili mitatu inayozunguka laini, tumeihesabu kuwa ni neema; mwenye nayo hahitaji mkufu. Kwa programu ya kusafisha picha ile ni mikunjo ya uzee. Inafutwa. Vishimo vya mashavuni navyo hupona vikiwa na bahati, vikidhaniwa kuwa kivuli vinalainishwa vikaisha. Chale za usoni, ambazo kwa bibi zetu Wamakonde au Wakaramojong zilikuwa urembo uliolipiwa kwa maumivu, hapo huwa ni makovu ya kuondolewa. Na rangi! Kiswahili kinajua mweusi tii, kinajua maji ya kunde, kinajua weupe wa namna kadhaa, na kila rangi ilikuwa na wapenzi wake. Mashine humpa mwenye bango mweusi wa namna moja, anayeng'aa kama aliyepakwa mafuta, mwenye pua na taya zisizoonyesha ametoka kwa nani.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Mfanyabiashara hauzi uzuri, anauza kasoro. Lazima kwanza uwe na kasoro ndipo ununue dawa yake. Mwanya ulipokuwa uzuri, haukuwa na bei. Ukishageuzwa kasoro, unakuwa na fundi wa meno, una waya wa kuvutia meno, una ada. Pingili za shingo zilipokuwa neema hazikuwa na krimu. Leo zina krimu, na katoni zake zimo humo humo uchochoroni. Bango la mashine halituletei uzuri mpya kutoka mbinguni. Linachukua vitu vyetu tulivyovipenda bure, linaviandika upya kuwa upungufu, halafu duka liko hatua mbili pembeni.

Utaniambia vigezo vya uzuri vimebadilika siku zote. Kweli kabisa. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa mfalme Rumanika wa Karagwe, mwishoni mwa mwaka 1861, alikuta wanawake wa ikulu wakinyweshwa maziwa mpaka wengine hawawezi kusimama, na ule unene ndio ulikuwa fahari. Yule Mwingereza, adabu zake akaziweka kando, alimpima mmoja wao, kisha akachapisha vipimo kitabuni. Mwaka 2019 hapa Uganda waziri mdogo wa utalii, Godfrey Kiwanda, alizindua shindano la Miss Curvy, la wanawake wenye maungo yaliyojaa, akasema litasaidia kuvuta watalii. Makelele yaliyofuata unayakumbuka, na kwa upande wangu yalistahili. Wanawake si sokwe wa hifadhi ya Bwindi. Lakini angalia: Karagwe walinenepeshwa kwa maziwa ya ng'ombe, na mwanamke mnene kuliko wote alikuwa yupo, anakaa, anapumua. Mashindano yale ya 2019 yalikuwa ya watu waliokuja kwa miguu yao. Kigezo kilikuwa kigumu, hata kikatili, lakini palikuwa na mtu aliyekifikia. Sasa tuna kigezo ambacho hakuna mtu hata mmoja aliyekifikia, wala yule aliye kwenye bango.

Na pengo kati yako na bango huzibwa kwa nini? Kwa mkorogo wa kuchubua ngozi. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, limekuwa likionya na kukamata vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka hadi mwaka. Tanzania, Kenya na Rwanda nazo zimepiga marufuku. Mwaka 2023 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio dhidi ya vipodozi vya haidrokwinoni, na mwaka huo huo nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha kabisa vipodozi vyenye zebaki kufikia 2025. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuigeuza ngozi kuwa na mabaka ya bluu na weusi, weusi usiotibika kirahisi, ambao mtu alianza kwa kuukimbia. Haya yote yanapimika. Kopo linapelekwa maabara, linafunguliwa, jibu linatoka. Lakini picha iliyo nje ya kopo, ile iliyomshawishi dada kulifungua, haina maabara.

Jambo moja huwa linanichekesha kicheko cha uchungu. Mwanamitindo Alek Wek, mzaliwa wa Sudan Kusini, mweusi tii, alikuwa kwenye jalada la jarida la Elle la Marekani mwezi Novemba 1997. Tangu hapo wanamitindo wenye asili ya nchi hiyo wameyajaza majukwaa ya Paris na Milan, wanatafutwa kwa weusi ule ule. Na basi linaloondoka Kampala kwenda Juba, chini kwenye buti, limebeba nini? Usinifanye niseme.

Tuna wetu pia. Aamito Lagum, binti wa Uganda, alishinda shindano la kwanza la Africa's Next Top Model. Februari 2016 kampuni ya vipodozi ya MAC iliweka mtandaoni picha ya midomo yake, midomo tu, imepakwa rangi ya zambarau, na watu wakaijaza matusi ya ubaguzi. Aamito hakujificha. Aliwajibu kwa kejeli ya kujiamini. Nalitaja hili kwa sababu uso wenye mwenyewe unaweza kujibu. Unaweza kugoma, kudai malipo, kuzeeka, kubadili mawazo, kusema krimu hii ilinitoa vipele. Kwa upande mwingine yupo Shudu, msichana mweusi aliyetengenezwa kwa kompyuta mwaka 2017 na mpiga picha wa Uingereza, Cameron-James Wilson. Shudu amefanya matangazo ya mitindo, na anayesaini mkataba ni bwana mweupe. Mwaka 2024 ukaja uchaguzi wa Miss AI, washiriki zaidi ya 1,500, majaji wanne ambao wawili kati yao nao hawakuwa binadamu! Taji likaenda kwa Kenza Layli, Mmoroko mwenye hijabu asiye na kaburi wala kitanda. Afrika ilishinda. Sijui tupige vigelegele au tufanyeje.

Niutendee haki upande wa pili, maana nimeongea na mwenye duka mmoja pale, bwana mpole anayeuza mafuta ya nywele yanayotengenezwa humu humu nchini, na maneno yake yana uzito. Alisema: "Bosi, zamani mimi nilikuwa nikiweka mzungu kwenye lebo, kwa sababu picha ya mzungu ndiyo niliyoipata. Mpiga picha na msichana na saluni, wote wataka pesa. Sasa kijana wa Nasser ananiwekea mwanamke mweusi kwa pesa ya chai. Wewe ulitaka nirudishe mzungu?" Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli kwamba mashine imeleta nyuso nyeusi kwenye makopo ya watu wadogo ambao hawangeweza kumlipa mwanamitindo. Ninachobishana nacho ni kwamba weusi umepakwa juu, na ndani ni uso ule ule. Na ile pesa ya chai ilitoka mahali: ilikuwa chakula cha msichana wa Kawempe ambaye angeitwa apigwe picha. Huko Ulaya kampuni ya nguo ya H&M ilitangaza mwaka 2025 kwamba itatengeneza nakala za kompyuta za wanamitindo 30, kwa ridhaa yao, nao walipwe nakala zao zikitumika. Sijawahi kusikia mkataba wa namna hiyo Kikuubo.

Wanaokutana na matokeo ya picha hizi kabla ya watafiti ni wasusi. Kuna mama mmoja anasuka katika arkedi moja ya huko chini, ananunua rasta zake kwa jumla uchochoroni. Anasema wateja siku hizi huja na simu, na kwenye simu kuna msuko ambao vidole havina njia ya kuusuka. Rasta moja inaingia ndani ya nyingine ikatokea sikioni. Nywele za pembeni zimeanza mahali ambapo binadamu hana nywele. Mwanzoni alikuwa akijitahidi, mteja anatoka amenuna, anadhani msusi hajui kazi. Sasa ana dawa yake. Anaipokea simu kwa heshima, anaitazama, kisha anauliza, "Nnyabo, huyu kisogo chake kiko wapi? Nionyeshe kisogo, nisuke." Mteja anatafuta kisogo. Hakipo. Picha ilitengenezwa ya mbele tu. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza: kichwa chako kimekaaje, nywele zako zimekatika wapi, utalala nao wiki ngapi. Mafundi cherehani wameniambia mambo yanayofanana na hayo kuhusu magauni ya harusi yasiyo na mahali pa kuingilia.

Sheria zinawezekana. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, tangazo lenye mwanamitindo aliyepunguzwa au kuongezwa mwili kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imerekebishwa. Norway wana sheria yao tangu Julai 2022. Hapa kwetu kopo la krimu linatakiwa kueleza kilichomo ndani yake. Sioni kwa nini lisieleze pia kilicho nje. Maneno machache tu: aliye pichani si mtu. Yaandikwe kwa Kiganda, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha wale wa Bunia, kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Sidhani yatamzuia kila mtu kununua. Maandishi kwenye paketi ya sigara hayajamzuia kila mvutaji. Lakini binti wa miaka kumi na minne aliyetumwa dukani na mama yake atajua kwamba yule aliyekuwa akijilinganisha naye njia nzima hana shingo ya kuosha.

Muda wangu unakwisha, fundi mitambo ananionyesha vidole. Nina ombi. Kesho ukipita Kikuubo nitafutie mwanya mmoja. Si vinywani mwa wapagazi na wauzaji, hao wanayo tele, nami sitaki ugombane na mume wa mtu. Nautaka kwenye kopo, kwenye pakiti, kwenye bango. Ukiuona, niandikie jina la bidhaa hiyo nami nitalisoma hapa hewani bila malipo, ilimradi meneja wetu wa matangazo asiwe anasikiliza.